Nyanya Yetu wa Ujiji na Kinanda Chake cha Santuri

Wazee wetu wameniomba niandike habari za waliotangulia mbele ya haki, nami nimechagua habari za nyanya yangu mzaa mama, aliyefariki Bujumbura mwaka 2004 akiwa na umri wa miaka 90. Najua wako watakaosema kwamba mwanamke aliyependa nyimbo hafai kutajwa katika kitabu cha Waislamu. Nawaomba wasome kwanza.

Hakuzaliwa katika nchi hii. Alizaliwa Ujiji mwaka 1914, mwaka ule reli itokayo Dar es Salaam ilipofika Kigoma. Ndivyo mama yake alivyohesabu. Baba yake alikuwa Mmanyema, mfanya biashara ya chumvi ya Uvinza na dagaa wa ziwani. Alipokuwa msichana wa miaka 13 aliiona Liemba, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikirudi kazini mwaka 1927, na maisha yake yote alipenda kusema kwamba yeye na chuma kile ni marika.

Akaolewa na mshona nguo aliyekwisha kuhamia Usumbura, kama mji huu ulivyoitwa zama za Wabelgiji, akavuka ziwa kwa mashua ya tanga na sanduku lake moja. Wakakaa Buyenzi, pamoja na Wamanyema, watu wa Ujiji na wengineo, wakisali pamoja na kusema Kiswahili katikati ya nchi ya Kirundi.

Babu alipopata fedha kidogo alinunua kinanda cha santuri, kile cha kuzungushwa kwa mkono. Siti binti Saad alikuwa amekwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti yake katika santuri, na sahani zake zilikuwa zimeenea mpaka bara. Nyanya alizipenda kupita kiasi. Nadhani haikuwa sauti peke yake: Siti alitoka shamba, Fumba, akaingia mji wa Unguja asio na ukoo mkubwa humo, akaheshimiwa kwa kazi yake. Mgeni humtambua mgeni mwenziwe.

Basi yakatokea maneno. Mzee mmoja wa msikiti alimwendea babu, akamwambia kwamba nyumba yake inawapotosha wanawake wa mtaa. Babu alitaka kukiuza kinanda. Nyanya hakugombana na mtu. Alikwenda kwa mzee yule, akiwa amejitanda buibui, akamwahidi mambo matatu: kinanda kitanyamaza kabla ya adhana, hakitafunguliwa mwezi wa Ramadhani, wala hakitalia penye msiba katika mtaa hata kama aliyefiwa si Mwislamu. Ahadi hizo alizitimiza kwa zaidi ya miaka 50. Tena wasichana waliokuja kusikiliza aliwafundisha alifu na be kwanza, ndipo aweke sahani. Na katika maulidi ya kina mama yeye ndiye aliyeshika dufu. Mzee hakuridhika, nami simlaumu, kwani wanavyuoni wamehitilafiana juu ya jambo hili tangu zamani. Lakini hakurudi tena kulalamika.

Uhuru ulipopatikana tarehe 1 Julai 1962, yeye alikuwa amekwisha kuzaa watoto sita katika nchi hii, na karatasi zake bado zilimwita mgeni. Jambo hilo lilimwuma kuliko alivyopenda kuonyesha. Alikuwa akisema, "Makaburi ya wanangu wawili yako hapa, mgeni gani huyo?"

Machi 1995, mauaji yalipoingia Bwiza na Buyenzi, tulimpakia katika gari tukavuka naye mpaka hadi Uvira, yeye na maelfu ya wengine. Alikuwa na miaka 81. Alichukua Msahafu, na sahani nne zilizofungwa katika kanga. Tatu zilivunjika njiani. Hakulia, aliviokota vipande vyote, akavifunga tena.

Tuliporudi aliishi miaka michache akiwa haoni vizuri, akiniomba nimzungushie ile sahani iliyosalia, na daima akiniuliza saa ngapi, asije akapitiwa na adhana. Alipofariki aliagiza isomwe tahlili tu. Sala ya jeneza iliongozwa na mtoto wa yule mzee wa msikiti, naye alipomaliza aliniuliza kinanda kiko wapi. Kiko kwangu hata leo, ila sindano yake imekwisha na mpya sijaipata.