Somo la Historia: Wageni wa Nachingwea na Ruangwa

Leo tuwatazame wageni waliopita kwetu.

Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga. Vibarua wakaja Nachingwea kutoka mbali, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Miaka ya 1960 wapigania uhuru wa FRELIMO kutoka Msumbiji wakaweka kambi. Siku hizi wachimbaji wa madini waja Ruangwa.

Kila wajapo wageni husikika neno moja: "Hawa wameleta maradhi." UKIMWI ulipogunduliwa nchini, mkoani Kagera mwaka 1983, neno hilo lilizidi. Lakini virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B havimwulizi mtu kabila lake. Hupita katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto. Aliye mbali na mkewe na mbali na zahanati yumo hatarini zaidi.

Ukimnyoshea kidole, ataogopa kupimwa. Na asiyejijua huambukiza. Chanjo ya homa ya ini B ipo. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI zipo.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwonyeshe mgeni njia ya zahanati, nawe utangulie.