Kutoka Bills hadi kuluna: historia ya wahuni wa Kinshasa na ngumi ya serkali

Neno «kuluna» halikuzaliwa hapa kwetu Mashariki. Sisi tulikuwa na majina yetu. Watoto wa barabarani tunawaita mayibobo, na wakaaji wa Goma wanajua vizuri wale wanaoitwa «quarante voleurs». Lakini siku hizi mtu akinyang'anywa simu usiku, iwe Bukavu, iwe Bunia, anasema moja kwa moja: nimekutana na kuluna. Neno limesafiri toka Kinshasa na halikusafiri peke yake. Limebeba historia ya zaidi ya miaka 60, na ndani ya historia hiyo kuna jambo linalotuhusu sisi wote: kijana akishaitwa kwa jina hilo, kuna mambo anaweza kutendewa mbele hata hakimu hajamuuliza swali moja.

Basi tuanzie mwanzo, wakati muji ungali ukiitwa Léopoldville.

Kauboi wa Ngiri-Ngiri

Miaka ya 1950 Léopoldville ulikuwa unakua mbio kushinda kazi zilizokuwamo. Mnamo mwaka 1940 ulikuwa na watu kama elfu 50. Uhuru ulipokuja mwaka 1960, walikuwa karibu elfu 400. Wengi walikuwa vijana. Shule zilikuwa chache, na muji wenyewe ulikatwa vipande viwili: upande wa Wazungu na upande wa weusi, «la cité», ambako usiku mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutoka apendavyo.

Jioni, burudani ilikuwa sinema. Wamisionari nao walionyesha filme mu cité, na filme zilizopendwa kuliko zote ni zile za kauboi wa Marekani. Vijana wakamchukua Buffalo Bill akawa mkubwa wao. Wakaanza kujiita Bills. Walivaa kofia kubwa, kitambaa shingoni, suruali ya jeans, na kila kundi likajitwalia avenue zake na kuzilinda kama shamba la baba yao. Ngiri-Ngiri, Dendale (leo ni Kasa-Vubu) na Saint-Jean (leo ni Lingwala) zilijulikana sana kwa mambo hayo. Walijenga misuli kwa kuinua vyuma, walivuta bangi, na wakajitengenezea lugha yao, hindoubill: Lingala iliyochanganywa na Kifaransa na maneno mengine yaliyogeuzwa juu chini, ili mzazi na askari wasielewe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo, wanasema, inatoka kwenye filme za Kihindi ambazo nazo zilipendwa.

Wazee wa Kinshasa leo wakizungumza juu ya Bills wanacheka. Wanasimulia nguo, ngumi na majina. Lakini mwanahistoria Didier Gondola, aliyeandika kitabu kizima juu ya vijana hao, anaonyesha upande ambao vicheko vinauficha. Msichana aliyepita kwenye avenue ya kundi lingine alikuwa katika hatari, na ubakaji ulihesabiwa kati ya mambo ya kuonyesha uanaume. Si vema kusahau jambo hilo kwa sababu tu kofia zilikuwa nzuri.

Wakati ule kulikuwa na padri mmoja kijana, mmisionari wa Scheut, Jozef de Laet. Alikwenda kukaa karibu na Bills, akajifunza lugha yao, akawapangia michezo na kazi. Wenyewe wakamwita Père Buffalo. Njia yake ilikuwa ya mtu mmoja, haikuwa ya serkali.

Serkali ya kikoloni ilikuwa na njia yake ingine. Kwanza sheria: dekre ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wakosaji, iliyofungua mlango wa kuwaweka katika nyumba za malezi za serkali. (Dekre hiyo ilidumu hadi sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, miaka 58!) Pili, kufukuza. Kijana asiye na kazi wala karatasi alirudishwa kijijini. Tarehe 4 Januari 1959 mkutano wa ABAKO ulipokatazwa na muji ukawaka, vijana walikuwa mstari wa mbele, maduka yakaporwa, makumi ya watu wakafa. Kisha wasio na kazi wakafukuzwa mjini kwa maelfu. Weka jambo hili kichwani, ndugu msomaji, juu tutalikuta tena.

Bundi, na askari wenyewe

Uhuru ulipita, Mobutu akachukua kiti, Léopoldville ukawa Kinshasa mwaka 1966. Bills wakazeeka. Waliowafuata mitaani walibadilishiwa jina mara nyingi, hadi miaka ya 1990 lilipoingia neno shegue kwa watoto wanaolala inje. Juu ya asili yake kuna maelezo mengi. Wengine wanalitoa kwenye jina la Che Guevara.

Lakini ukiuliza ni nani aliyetia Kinshasa hofu kubwa miaka ile, jibu si mtoto wa barabarani. Karibu na mwaka 1990 watu waliogopa «les hiboux», bundi: watu wenye silaha waliokuja usiku kwa gari kukamata wapinzani, na wengine hawakurudi. Kiisha, Septemba 1991, wanajeshi ambao mishahara yao haikuwa kitu tena waliasi, wakapora muji, na raia wakawafuata. Januari 1993 ikarudi: askari walilipwa kwa noti mpya ya milioni 5 za zaïre, wauzaji wakaikataa, na risasi zikaanza. Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa siku zile. Viwanda na maduka mengi havikufunguliwa tena. Mtoto aliyezaliwa Kinshasa mwaka ule alikuta muji ambao kazi zake zimeporwa na watu wenye uniforme.

Ndiyo watoto hao waliofikia umri wa ujana wakati kuluna walipojitokeza.

Panga

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba neno linatoka Kireno, «coluna», yaani mstari wa askari, na kwamba lilivuka mpaka pamoja na Wakongomani waliokwenda kutafuta almasi Angola. Katika miaka ya 2000 likawa jina la makundi ya vijana wanaotembea wengi pamoja na mapanga, chupa zilizovunjwa, vyuma. Wananyang'anya simu na pesa, wanatoza «kodi» kwenye vituo vya basi, wanapigana kundi kwa kundi juu ya avenue. Hata matanga hayakubaki salama: kijana akifa, kundi lake linaweza kuteka mazishi na kutembeza maiti kartiye nzima, na wenye maduka wanafunga haraka.

Kuna jambo watu wa Kinshasa wanalisema waziwazi. Wengi wa vijana hao walipita kwanza kwenye vilabu vya judo na karate, kwa wale wanaoitwa «pomba», wenye nguvu. Wakati wa uchaguzi, wanasiasa waliwatafuta: linda mkutano wangu, vunja wa mwenzangu. Uchaguzi ukiisha, pesa inaisha. Panga linabaki.

Anayeumia ni nani? Si tajiri wa Gombe mwenye ukuta na mlinzi. Ni mama anayeamka saa kumi za usiku kwenda kununua mboga za kuuza, ni mwanafunzi, ni mwendesha moto. Watu walikatwa mikono, wengine walikufa. Ndiyo sababu operesheni kubwa ya kwanza ilipotangazwa, wakaaji wengi walipiga makofi, na sisi tulio mbali si vyepesi kuwahukumu kwa hilo.

Likofi

Operesheni hiyo ilianza tarehe 15 Novemba 2013. Iliitwa Likofi, neno la Lingala lenye maana ya ngumi. Askari polisi walikuja usiku, wengi wamefunika nyuso, kwa magari yasiyo na namba, wakawatoa vijana manyumbani. Iliendelea rasmi hadi Februari 2014.

Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu nchini ilitoa ripoti Oktoba 2014: watu wasiopungua 9 waliuawa bila hukumu, 32 walipotezwa. Jibu la serkali lilikuja pale pale: mkuu wa ofisi hiyo, Scott Campbell, alitakiwa kuondoka Kongo. Mwezi uliofuata Human Rights Watch ikatoa hesabu yake, kubwa zaidi: vijana wasiopungua 51 waliuawa na 33 walipotezwa. Katika siku za kwanza, inasema ripoti hiyo, baadhi walipigwa risasi mbele ya watu, karibu na nyumba zao au sokoni, ili wengine waone. Kati ya waliouawa kulikuwa na watoto, na kulikuwa na vijana ambao hawakuwa na uhusiano wowote na kuluna.

Kamanda wa operesheni alikuwa Célestin Kanyama, ambaye watu walimpa jina «Esprit de mort», roho ya kifo. Alikana makosa. Alipanda cheo akawa mkuu wa polisi ya muji mzima wa Kinshasa, na Juni 2016 Marekani ilimwekea vikwazo. Likofi ilirudi: mwaka 2018, katika Likofi ya 4, Human Rights Watch ilihesabu tena vijana wasiopungua 27 waliouawa.

Maluku nayo isisahaulike. Usiku wa tarehe 19 Machi 2015, miili 421 ilizikwa katika kaburi moja huko, pembeni ya Kinshasa. Serkali ilisema ni watu maskini wasio na ndugu na watoto waliozaliwa wafu. Familia zilizopoteza vijana wakati wa Likofi, au katika maandamano ya Januari mwaka ule, ziliomba kaburi lifunguliwe zipate kujua.

Na kuluna? Walibaki. Wengi waliofungwa waliingia Makala, boloko iliyojengwa kwa watu 1.500 ambayo mwaka 2024 ilikuwa na zaidi ya 14.000. Ndani mule mwizi wa simu analala ubavu kwa ubavu na muuaji, na wengi hawajaona hakimu. Tarehe 17 Mei 2017 maelfu walitoroka. Tarehe 2 Septemba 2024 wengine walijaribu. Serkali ilitangaza wafu 129.

Shamba, au kamba

Katika miaka ya Félix Tshisekedi njia mbili zimejaribiwa, na haziko na sura moja.

Ya kwanza ni Kaniama-Kasese, huko Haut-Lomami. Kuanzia mwaka 2020 hivi, mamia ya vijana walioitwa kuluna walipelekwa kwa Service National, shirika la serkali lililoundwa mwaka 1997, chini ya jenerali Jean-Pierre Kasongo Kabwik. Walifundishwa kulima, kujenga, kushona, useremala. Hawaitwi tena kuluna bali «bâtisseurs», wajengaji. Mahindi yao yaliuzwa Mbuji-Mayi na Lubumbashi wakati bei ya unga ilipopanda, na madawati waliyotengeneza yalifika mashuleni. Ni kazi inayoonekana kwa macho. Lakini watetezi wa haki waliuliza swali ambalo halina jibu rahisi: nani alikata neno kwamba huyu ni kuluna, na kwa muda gani anakaa kule? Mzazi wa mwaka 1959 aliyeona mwanawe akipakizwa garini angelielewa vizuri swali hilo.

Ya pili ni kifo. Sheria ya makosa ya jinai, katika vifungu 156 hadi 158, inaruhusu hukumu ya kifo kwa «association de malfaiteurs», kundi la wahalifu, na kuluna wengi wanahukumiwa kwa kifungu hicho. Toka mwaka 2003 hukumu hiyo ilitamkwa tu bila kutekelezwa. Machi 2024 waziri wa sheria, Rose Mutombo, alitia sahihi barua ya kuondoa kizuizi hicho. Wengi walidhani ni juu ya wasaliti jeshini na vita vya kwetu huku. Kumbe barua ilitaja pia ujambazi wa mijini unaoleta kifo. Mrithi wake, Constant Mutamba, alianzisha Desemba 2024 operesheni Ndobo, yaani ndoano. Mwanzoni mwa Januari 2025 ilitangazwa kwamba wanaume 102 wa miaka 18 hadi 35 wamepelekwa boloko ya Angenga, jimbo la Mongala, wakingoja kuuawa. 45 walitangulia, wengine wakafuata.

Angenga si jina geni kwa watu wa Kivu. Mwaka 2015 ndiko walikopelekwa mamia ya washukiwa wa FDLR waliokamatwa huku Mashariki, na Human Rights Watch ilikuta kati yao watoto wasiopungua 29.

Tunaulizwa mara kwa mara mzazi afanye nini mtoto wake akikamatwa na kuitwa kuluna. Katiba, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aambiwe pale pale sababu, kwa lugha anayoielewa. Aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia au mtetezi wake. Na asizidishe saa 48 mikononi mwa polisi bila kuachiliwa au kufikishwa mbele ya wenye mamlaka ya sheria. Hali ya hatari iliyoanza Nord-Kivu na Ituri tarehe 6 Mei 2021 iliwapeleka raia mbele ya mahakama za kijeshi, lakini haikufuta kila kitu. Kifungu cha 61 kinataja haki ambazo hata wakati wa état de siège haziguswi: uhai, kutoteswa, kujitetea, na kukata rufaa. Anayehukumiwa kifo na mahakama ya kijeshi anaweza kukata rufaa, na muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo familia imtafute avoka siku ile ile ya hukumu.