Tetsuya Fujita na Upepo Ushukao

Asubuhi ya tarehe 9 Agosti 1945, ndege ya Kimarekani iliyobeba bomu la atomiki ilizunguka juu ya mji wa Kokura, Japani. Mawingu na moshi vikaificha shabaha. Bomu likaangushwa Nagasaki. Jirani na Kokura alikuwapo mwalimu kijana wa uhandisi, Tetsuya Fujita, aliyezaliwa mwaka 1920.

Baadaye alikwenda Nagasaki kuyachunguza magofu. Chini kabisa ya mlipuko miti ilikuwa imesimama; pembeni ilikuwa imelala, ikielekea nje kila upande mithili ya miali ya jua.

Mwaka 1953 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, alikopata uprofesa wa meteorolojia. Wengi humjua kwa kipimo chake cha vimbunga cha mwaka 1971, nacho si kazi yake kubwa kuliko zote. Aprili 1974, baada ya vimbunga vingi kuipiga Marekani, aliruka juu ya misitu akaiona miti imelala vile vile. Hapo hewa haikuzunguka: iliporomoka kutoka mawinguni, ikapiga ardhi, ikatawanyika.

Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern ilianguka New York ikitua, wakafa watu 113. Fujita alisema ni upepo huo: kwanza huisukuma ndege kwa mbele ikapanda, mara huigeukia kwa nyuma ikakosa nguvu ya kuelea. Wanazuoni wenziwe wengi walimkatalia. Mwaka 1978 rada zilizotegwa karibu na Chicago ziliunasa upepo wenyewe. Fujita alifariki mwaka 1998. Marubani walikuwa wamekwisha kufundishwa kuukwepa.