Mfumuko wa bei Zanzibar

Mfumuko wa bei Zanzibar ni kasi ya kupanda kwa bei za bidhaa na huduma zinazotumiwa na kaya za Unguja na Pemba, inayopimwa kila mwezi kwa fahirisi ya bei za mlaji. Fahirisi hiyo hutolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ), wakati ile ya Tanzania Bara hutolewa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Sarafu ni moja na Benki Kuu ni moja, lakini namba hizo mbili huachana sana nyakati za shida. Mwaka 2008, dunia ilipokumbwa na kupanda kwa bei za vyakula, mfumuko wa Bara ulikuwa wastani wa asilimia 10.3, wa Zanzibar ulifika kiasi cha asilimia 20. Mwaka 2023 Bara ilikuwa na wastani wa asilimia 3.8, Zanzibar karibu na 7.

Chanzo cha tofauti hiyo ni bahari. Watu 1,889,773 waliohesabiwa visiwani katika Sensa ya 2022 wanakula kwa sehemu kubwa kile kinachoshushwa bandarini, na kila kinachoshushwa kimeshalipiwa nauli ya chombo, bima, ushuru na upakuzi kabla hakijafika soko la Darajani.

Namna bei zinavyopimwa

Msingi wa hesabu ni kapu la bidhaa na huduma. Uzito wa kila kitu kapuni hutokana na utafiti wa mapato na matumizi ya kaya: kinachokula fedha nyingi za nyumba hupewa uzito mkubwa. Chakula na vinywaji visivyo na kileo huchukua karibu asilimia 40. Kodi ya nyumba, maji, umeme, gesi, mkaa na kuni hufuata, vikiwa karibu robo ya kapu, kisha usafiri. Vileo na tumbaku havifiki hata asilimia 1, jambo linaloeleweka kwa jamii ambayo karibu wote ni Waislamu.

Kutokana na fahirisi hupatikana viwango viwili ambavyo wasomaji wengi huvichanganya. Cha mwezi hulinganisha mwezi huu na uliotangulia. Cha mwaka hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huo mwaka jana. Tuseme fahirisi ilikuwa 102 Machi iliyopita, ikawa 105 Februari hii na 107.1 Machi hii. Mfumuko wa mwezi ni asilimia 2, wa mwaka ni asilimia 5. Mwezi unaofuata kiwango cha mwaka kikishuka hadi asilimia 4, bei hazijarudi chini: zimepanda kwa kasi ndogo zaidi. Mama anayesikia redioni kwamba mfumuko umepungua, huku kilo ya mchele ikiwa ile ile ya ghali, hajadanganywa na takwimu wala hajakosea kulalamika.

Kazi ngumu zaidi hufanyika sokoni. Samaki wadogo, muhogo, majimbi na mboga huuzwa kwa fungu, ndizi kwa chana au mkungu, na muuzaji anayeogopa kumfukuza mteja haongezi bei, hupunguza fungu. Shilingi 1,000 inabaki pale pale, changu watano wanakuwa wanne. Ndiyo maana mkusanya bei lazima apime uzito wa fungu badala ya kuuliza bei tu. Asipopima, ughali wote wa wiki hiyo utampita.

Mchele

Hakuna bidhaa inayoitawala namba ya Zanzibar kama mchele. Wali ndio mlo wa kila siku, na nyumba nyingi huugawa mchele wenyewe katika daraja mbili: mapembe, mchele wa kutoka Asia unaokuja kwa meli na kuuzwa kwa polo, na mchele wa Mbeya, wenye harufu na ladha, unaovuka kutoka Bara. Aghalabu mapembe ndiyo ya bei nafuu, na kwa hiyo ndiyo kinga ya mtu wa kipato cha chini. Inapopanda, hana pa kukimbilia isipokuwa muhogo na sembe.

Bei ya mapembe huamuliwa mbali. Tarehe 20 Julai 2023 India, muuzaji mkubwa kuliko wote wa mchele duniani, ilipiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usio wa basmati. Zuio lile lilidumu hadi Septemba 2024. Wanunuzi wa India walihamia Thailand, Vietnam na Pakistani, na ilipofika Agosti 2023 mchele wa Thailand ulikuwa ghali kuliko wakati wowote tangu 2008. Zanzibar haikuwa na ugomvi na India, wala haikuhitaji kuwa mteja wake ili iumie: soko la dunia ni moja, na kisiwa kinachonunua kidogo hakiwezi kubishana na bei. Mwaka huo wa 2023 dola ilikuwa haba nchini na shilingi ikashuka thamani, hivyo muagizaji alilipa mara mbili, kwanza kwa bei ya mchele, kisha kwa bei ya dola.

Mchele wa Mbeya una njia yake ya kupanda. Mvua zikiwa haba katika Nyanda za Juu Kusini, mavuno hupungua. Lakini hata mavuno yakiwa mazuri, wafanyabiashara wa Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo huufuata mchele wa Tanzania mashambani. Ukame wa Kenya unaweza kuonekana katika bei ya duka la Chake Chake, Pemba, miezi michache baadaye.

Mpunga hulimwa pia visiwani. Mabonde ya Cheju na Kibokwa huko Unguja na Makwararani huko Pemba yamejengewa miundombinu ya umwagiliaji kwa mkopo wa Korea Kusini, hatua ambayo makala haya yanaiona kuwa na maana kuliko matamko mengi ya kudhibiti bei, kwa kuwa inaongeza mchele wenyewe. Hata hivyo mavuno ya ndani bado hayafiki nusu ya mahitaji, na ardhi ya mabonde inagombaniwa na ujenzi.

Jambo jingine ambalo walaji hulijua kwa uchungu: bei hupanda haraka na kushuka polepole. Habari za meli kuchelewa hufika dukani siku hiyo hiyo, lakini mzigo wa bei nafuu unapofika, duka kwanza linataka kumaliza ule ulionunuliwa ghali. Waagizaji wakubwa wa mchele, unga wa ngano na sukari ni wachache, na penye wauzaji wachache hakuna anayeharakisha kuwa wa kwanza kushusha.

Upepo na mwezi

Samaki ndio kitoweo kikuu, na bei yake hufuata hali ya bahari. Msimu wa kusi, takriban Mei hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo, ngalawa na mashua, hubaki ufukweni siku nyingi. Samaki huadimika. Kaskazi ikiingia, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, bahari hutulia, jodari na nguru huongezeka mnadani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikipanda, wavuvi wao hupumzika na bei hupanda. Pweza hutafutwa zaidi wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali na miamba kuachwa wazi. Kwa hiyo siku ambayo mkusanya bei anafika sokoni inaweza kubadilisha namba: akifika katikati ya giza atakuta dagaa tele, akifika mwezi umejaa atakuta wachache na ghali. Kukusanya bei ya samaki mara moja tu kwa mwezi kungekuwa kupima mwezi wa angani badala ya uchumi.

Mvua nazo zina zamu yake. Masika hukata barabara za Bara na kuozesha nyanya njiani, nazo nyanya, vitunguu, viazi mbatata na maharage karibu vyote huvuka bahari.

Mafuta na umeme

Bei za petroli, dizeli na mafuta ya taa hutangazwa kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati, ZURA, kwa kufuata bei za soko la dunia, gharama za kusafirisha na kodi. Athari yake haiishii kwenye daladala. Petroli huendesha mashine za boti za uvuvi. Dizeli huendesha meli za mizigo na malori ya kutoka bandari ya Malindi, mjini Unguja, hadi Kaskazini na Kusini. Mzigo wa Pemba hupata tabu zaidi. Baadhi yake huja moja kwa moja kutoka Tanga hadi Wete, lakini bidhaa nyingi za nje hushushwa kwanza Unguja, kisha hupakiwa tena kwenda bandari ya Mkoani. Kila upakuzi una bei yake, na Mpemba hulipa mwisho wa safari.

Umeme huja kutoka Bara kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Waya wa Unguja wa mwaka 1980 ulipoharibika Mei 2008 kisiwa kilikaa gizani karibu mwezi mzima, mwaka ule ule wa mchele ghali, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kilikaa hivyo tena, miezi mitatu. Barafu ya samaki iliadimika, maji hayakusukumwa mabombani, na biashara zilinunua jenereta na kuziendesha kwa dizeli. Pemba ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja waya wa megawati 100 mwaka 2013.

Wageni na karafuu

Watalii waliofika Zanzibar mwaka 2019 walikuwa 538,264. Korona ikawashusha hadi 260,644 mwaka 2020. Mwaka 2024 walikuwa 736,755, zaidi ya mara mbili ya hesabu ya mwaka wowote kabla ya 2015. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje hununua pweza, kamba, nyanya na mayai katika masoko yale yale ya wenyeji, na kwa mfuko mzito zaidi. Kodi za nyumba katika vijiji vya pwani ya mashariki zimepanda kwa kasi ambayo mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa huko hawezi kuifuata, na nyingi zilikuwa zikitajwa kwa dola hadi kanuni za Machi 2025 zilipopiga marufuku kuuza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Utalii unaleta ajira, hilo halina ubishi. Lakini mfumuko wa bei unaoletwa nao humkuta kila mtu, na mishahara yake huwafikia baadhi tu.

Pemba ina chanzo chake cha fedha. Msimu mzuri wa karafuu huwatia fedha mkononi wakulima, wachumaji na wachambuaji kwa mkupuo mmoja, na madukani hutakiwa nguo, mabati na kitoweo kuliko kawaida.

Nani anaweza kufanya nini

Benki Kuu ya Tanzania inalenga mfumuko wa kati ya asilimia 3 na 5, na tangu Januari 2024 hutumia riba: ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 Aprili mwaka huo, ikashuka hadi 5.75 Julai 2025. Riba hiyo inaangalia nchi nzima, na Bara yenye watu karibu milioni 60 ndiyo inayotawala hesabu. Tena riba haishushi bei ya mchele wa Bangkok wala haitulizi kusi. Yaliyo mikononi mwa SMZ ni ushuru na kodi zake, kasi ya bandari, na usimamizi wa ushindani wa biashara. Mara kadhaa Serikali imetangaza bei elekezi za mchele, unga na sukari. Bei elekezi husaidia pale tu mzigo upo ghalani na mfanyabiashara ameuficha. Mzigo usipokuwepo, bidhaa hutoweka rafuni na kuuzwa kwa mlango wa nyuma. Siku za meli kusubiri nangani nje ya Malindi ni kodi isiyoandikwa katika sheria yoyote, na kuzipunguza kunamfikia mlaji kwa uhakika zaidi.

Ramadhani na kalenda mbili

Mwezi wa Ramadhani hubadilisha kapu lenyewe. Muhogo, viazi vitamu, majimbi, ndizi, maboga, nazi, tambi na tende hutakiwa na kila nyumba kwa saa moja ile ile ya kufuturu, na bei hupanda siku chache kabla ya mwandamo. Sikukuu ikikaribia, ughali huhamia kwenye nguo na viatu vya watoto.

Tatizo la mtakwimu ni kwamba mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka katika kalenda ya fahirisi. Mwaka 2022 ilichukua karibu Aprili yote. Mwaka 2025 ilichukua karibu Machi yote. Kiwango cha mwaka kinapolinganisha mwezi wa mfungo na mwezi kama huo usiokuwa na mfungo, hupanda bila sababu mpya ya kiuchumi, kisha hushuka mwezi unaofuata bila nafuu yoyote ya kweli. Anayetaka kuisoma namba ya Zanzibar kwa haki kati ya Februari na Mei aiweke miezi miwili au mitatu pamoja. Mwaka 2030 Ramadhani itaingia mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku za mwisho za Desemba, na bei za Desemba hiyo zitalinganishwa na za Desemba 2029, ambayo haitakuwa na siku hata moja ya mfungo.