Ziwa Naivasha: Jinsi afya ya ardhioevu inavyopimwa

MKATABA wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran mwaka wa 1971 na ambao Kenya ilijiunga nao 1990, huzitaka nchi wanachama zitoe taarifa hali ya kiikolojia ya ardhioevu iliyoorodheshwa inapobadilika. Ziwa Naivasha liliorodheshwa 1995. Lakini kubadilika kutoka hali ipi?

Hapo ndipo penye utata. Kamba wa Louisiana, waliotiwa ziwani mwaka wa 1970, walikuwa wamekwisha kuila mimea iliyoota chini ya maji, nayo magugumaji yalikuwa yameingia mwishoni mwa miaka ya themanini. Atakayeichukua hali ya 1995 kuwa kigezo atakuwa amelipima ziwa ambalo tayari lilikuwa likiugua.

Kina cha maji peke yake hakitoshi. Vipimo vyake vimewekwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, navyo vyaonyesha kwamba ziwa hili hupanda na kushuka kwa kawaida yake. Mwaka wa 2009 lilinywea mno. 2020 likafurika hadi mtaa wa Kihoto na kuwafurusha wakazi.

Uangavu hueleza mengi zaidi. Kisahani chenye rangi nyeusi na nyeupe huteremshwa kwa kamba hadi kisionekane tena, na urefu wa kamba ukaandikwa. Ni kifaa duni kwa sura, lakini hakihitaji betri. Maji yakiwa na tope, huenda mito ya Malewa na Gilgil imeleta udongo wa mashambani, mafunjo yaliyokuwa yakiuchuja yamefyekwa, au samaki aina ya carp, walioonekana ziwani tangu 2001, wanachimbua sakafu. Furukombe naye, ambaye huvua kwa macho, hupata taabu katika maji kama hayo; ndiyo maana kuhesabiwa kwake ni sehemu ya uchunguzi.

Wadudu wa majini pia ni mashahidi. Mabuu yanayohitaji hewa nyingi yakitoweka, yakasalia yale mekundu yanayostahimili matope yasiyo na hewa, uchafuzi huwa umedumu kwa muda.

Oksijeni ipimwe alfajiri. Mchana mimea huitengeneza, usiku huitumia pamoja na samaki. Mpimaji anayefika adhuhuri, kama wafanyavyo wengi, huandika kwamba ziwa li buheri wa afya, kumbe samaki walikesha wakitweta.