Wingu Dogo la Al-Sufi na Amana ya Wapiga Picha za Nyota

Mnamo mwaka 353 wa Hijra, sawa na 964 wa Miladi, Abdul-Rahman bin Umar al-Sufi, mwanachuoni wa falaki aliyezaliwa mji wa Rayy katika nchi ya Uajemi, alitunga kitabu alichokiita Suwar al-Kawakib al-Thabita, yaani sura za nyota zisizohama. Alipofika kwenye nyota za yule mwanamke ambaye Wayunani walimwita Andromeda, na Waarabu wakamwita mwanamke mwenye minyororo, alitaja doa dogo mfano wa wingu. Hakusema mengi juu yake. Alionyesha mahali lilipo, karibu na mdomo wa samaki mkubwa, kisha akaendelea na hesabu ya nyota zake. Hakuwa na darubini, kwani darubini ilitokea Uholanzi mwaka 1608, zaidi ya miaka 600 baada yake. Lakini maneno yake hayo machache ndiyo khabari ya kale kabisa iliyoandikwa tunayoijua juu ya wingu hilo, ambalo kwa hakika si wingu bali ni kundi kubwa la nyota lililo nje ya kundi letu. Nuru yake husafiri kiasi cha miaka milioni 2 na nusu mpaka kutufikia.

Wengi wetu tukisoma khabari kama hii hujivuna, tukasema: tazameni, wazee wetu walitangulia! Kujivuna huko hakuna faida ikiwa hatukutazama walitangulia kwa njia gani. Al-Sufi alikuwa na kitabu cha Batlimusi mbele yake, na kitabu hicho kilikuwa kimekwisha heshimiwa kwa miaka 800. Yeye alikichukua nyota kwa nyota, akatoka nje usiku, akatazama kwa macho yake mwenyewe. Ilipokuwa nyota ni dhaifu kuliko alivyosema Batlimusi, aliandika kuwa ni dhaifu. Na katika dibaji yake aliwalaumu waziwazi wanachuoni wakubwa waliomtangulia, akiwamo al-Battani, kwa kuwa walinakili yaliyomo vitabuni wala hawakuinua vichwa kuyahakikisha mbinguni.

Kisha alifanya jambo ambalo mimi naliona ndilo bora kuliko yote. Kila kundi katika yale 48 alilichora mara mbili: mara moja kama lionekanavyo na mtu aliyesimama ardhini, na mara ya pili kama lionekanavyo juu ya tufe la nyota, ambako mkono wa kulia huwa wa kushoto. Akamweleza msomaji ipi ni ipi. Al-Biruni naye ametupasha khabari kwamba al-Sufi alitandaza karatasi nyembamba juu ya tufe, akafuatisha michoro yake. Basi hata yule bwana alikuwa na ufundi wake wa kutengeneza sura. Hakuna aibu katika ufundi, maadamu mwenye kutazama amejulishwa.

Nimeyatanguliza haya kwa sababu ya mabishano yaliyomo majumbani mwetu leo. Vijana huleta simu zao barazani wakatuonyesha mawingu ya mbinguni yenye rangi za buluu, dhahabu na wekundu wa ajabu. Watu hugawanyika papo hapo. Mmoja husema, “Subhanallah, hivi ndivyo kulivyo huko,” akidhani lau angepanda juu angeziona rangi hizo hizo. Wa pili husema, “Uongo mtupu, hizo zimechorwa na mashine.” Na kuna balaa la tatu, nalo ndilo linaloniudhi zaidi: picha zilizobuniwa kabisa, zenye mawingu yaliyopindwa yakawa maandishi, husambazwa na watu wa swala kwa nia njema, ati ni miujiza. Dini haikuhitaji kutetewa kwa picha ya uongo, wala anayeisambaza hasalimiki kwa kusema kuwa yeye kaletewa tu.

Miaka michache iliyopita nilialikwa Nyakasimbi, katika Karagwe, na kijana niliyepata kumsomesha ambaye sasa ni mwalimu huko. Safari ya mtu wa pwani kwenda Karagwe si jambo geni. Misafara yetu ilifika huko zamani kutafuta pembe, na wafanya biashara wa pwani walikuwa na makazi yao Kafuro katika zama za Mfalme Rumanika. Mwingereza Speke alipokaa kwa Rumanika, tangu Novemba 1861 hadi Januari 1862, alikuwa na Waungwana wengi katika wapagazi wake. Ameandika kuwa mwezi ulipopatwa kwa sehemu, watu hao walikwenda huku na huku wakiimba na kupiga masufuria ya bati ili kuitisha roho ya jua isiule mwezi wote. Nasikitika kila nikumbukapo, kwani aghalabu ya hao walikuwa jamaa zetu, na mafunzo ya Mtume (S.A.W.) yalikwisha wafikia watu wa pwani karne nyingi kabla yake: kwamba jua na mwezi havipatwi kwa ajili ya kifo cha mtu wala uhai wake, na kwamba likitokea hilo watu waswali.

Ilikuwa Agosti, wakati wa kiangazi, na usiku wa Nyakasimbi haukuwa na mwezi. Sisi tuliozoea taa za mijini tumesahau giza ni nini. Saa kumi za usiku, kabla ya alfajiri, tulisimama nje ya nyumba tukaelekea kaskazini, na pale, juu ya vilima, mwenyeji wangu akanionyesha wingu dogo la al-Sufi. Lilikuwa kijivu, hafifu, kama pumzi juu ya kioo. Kisha akatoa simu yake akanionyesha picha ya wingu hilo hilo, lenye mikono iliyojizungusha, vifundo vyekundu, na pembeni yake upinde wa buluu. “Maalim,” aliniuliza, “tuamini jicho au tuamini picha?”

Swali lake lina tarehe ndefu. Mwaka 1864 huko London alikuwako bwana mmoja, William Huggins, ambaye ukoo wake ulifanya biashara ya hariri. Hakuwa mwanafalaki wa kuajiriwa, alijifunza mwenyewe kwa mapenzi yake. Alipitisha nuru ya wingu moja la mbinguni katika kioo cha kuichambua, akitarajia kuona rangi zote za upinde wa mvua kama zilivyo katika nuru ya jua. Aliona mistari michache tu, mkubwa wao wa kijani. Kwa hiyo wingu lile lilikuwa gesi inayowaka, si nyota zilizosongamana. Mstari ule wa kijani haukufanana na chochote kilichojulikana duniani, watu wakabuni jina la kitu kipya, wakakaa nacho zaidi ya miaka 60, hata mwaka 1927 Ira Bowen wa Marekani alipothibitisha kuwa si kitu kipya hata kidogo. Ni oksijeni, hii hii tuivutayo, iliyo katika hali ya wembamba usiowezekana kufanywa katika chupa zetu.

Picha nazo zilikuja polepole. Henry Draper, tabibu wa New York, alipiga wingu la Orion tarehe 30 Septemba 1880 kwa kuacha kioo wazi dakika 51. Mwaka 1888 Isaac Roberts, mjenzi tajiri wa Liverpool, aliipata mikono iliyojizungusha ya wingu la al-Sufi, jambo ambalo hakuna jicho lililokuwa limeliona sawasawa. Picha yake ilikuwa ya kweli, lakini alidhani anaona jua jipya likizaliwa pamoja na sayari zake. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1923 na 1924, Edwin Hubble alipopima umbali wake, ndipo ikajulikana ni kundi la nyota peke yake, nje kabisa ya letu.

Sasa tuje kwenye zana za leo. Mpiga picha wa nyumbani huweka mbele ya kamera yake chujio la kioo. Mama zetu huchuja tui wakaacha machicha nyuma. Chujio hili huzuia karibu nuru yote, nuru ya taa za mji na ya mwezi, likapitisha utepe mwembamba mno, aghalabu wa nanomita 3 hadi 7 tu. Moja hupitisha nuru ya haidrojeni, kwenye nanomita 656.3. Jingine hupitisha ile ya oksijeni ya Huggins na Bowen, kwenye 500.7. La tatu ni la salfa, karibu na 672. Kwa kuwa kinachopita ni kidogo, kamera huachwa wazi dakika tano au kumi, tena na tena, usiku baada ya usiku, juu ya chombo kinachofuata mzunguko wa mbingu wa digrii 15 kwa saa. (Katika Nyakasimbi, kati ya digrii 1 na 2 kusini ya Ikweta, chombo hicho hulazwa karibu sambamba na ardhi, na nyota ya Jaha ya kukielekezea huwa imezama nyuma ya vilima. Kila mahali na taabu yake.)

Hapo ndipo ufundi wa kompyuta unapoingia, na hapo ndipo amana inapoanza kupimwa. Picha moja ya dakika kumi imejaa uchafu wa kamera yenyewe. Mpigaji hupiga nyingine ilhali kifuniko kimefungwa, apate kujua kamera yake husema uongo gani hata pasipo na nuru, kisha huutoa uongo huo. Halafu hukusanya picha mia na zaidi, akazilinganisha: kilichomo katika zote hubaki, kilichotokea katika moja tu hutupwa. Waliosoma elimu ya hadithi watafahamu upesi. Kwanza mjue mpokezi na kasoro zake, kisha uangalie ni wangapi walioipokea khabari hiyo kila mmoja kwa njia yake.

Rangi ni jambo jingine. Nuru ya haidrojeni na ya salfa zote mbili ni nyekundu, na jicho halizitenganishi. Ili mtu aone wapi ipo hii na wapi ipo ile, mtengenezaji huipa salfa rangi nyekundu, haidrojeni kijani, na oksijeni buluu. Mpango huu ulienea sana baada ya picha ya nguzo za gesi katika wingu la Tai, iliyopigwa kwa darubini ya anga ya Hubble mwaka 1995. Kwa hiyo rangi hizo ni kama rangi za ramani. Aliyeipaka Tanganyika rangi ya waridi na Kongo manjano hakusema uongo, wala hakuna aliyepanda ndege akitarajia kuona mchanga wa waridi.

Hata nuru isiyo na rangi kabisa kwa jicho huchorwa hivyo. Watu wa Malindi wana haki ya kulijua hili, kwani tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, palirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu nao chombo cha kwanza kilichofanywa mahsusi kwa kutafuta eksirei za mbinguni, kikaitwa kwa Kiswahili Uhuru. Ramani yake ya mbingu ilikuwa ya mambo ambayo macho hayakupewa kuyaona.

Basi nilimjibu mwenyeji wangu kuwa jicho lake lilisema kweli na picha ilisema kweli, kila moja kwa kadiri yake, lakini picha inadaiwa maelezo ambayo jicho halidaiwi. Aliyeipiga aseme ametumia chujio gani, amekusanya saa ngapi, rangi kazigawa vipi, na nini alichokifuta. Asiyesema hayo amekuletea pambo. Anayeongeza kisichokuwamo, akaondoka bila kusema, huyo ni mzushi, hata picha yake ikiwa nzuri namna gani.

Na ule upinde wa buluu pembeni mwa wingu, ambao yeye aliudhania ni pambo, una kisa chake. Wingu la al-Sufi limepigwa picha na watu wasiohesabika, lakini wachache walijisumbua kuliweka chujio la oksijeni mbele yake, kwa kuwa hawakutarajia kupata kitu. Mwaka 2022 Mfaransa Yann Sainty alilipiga kwa darubini ndogo, ya upana wa milimita 106 tu, akakusanya zaidi ya saa 100 za nuru. Akishirikiana na Xavier Strottner na Marcel Drechsler, wote watu wa kujitolea, aliona upinde mkubwa wa oksijeni, mrefu kama miezi mipevu mitatu iliyopangwa mstari.

Jambo la kwanza walilolifanya ni kuishuku picha yao wenyewe. Ingeweza kuwa mng'ao wa kioo, au kosa la kutengeneza. Waliwaomba wenzao, wenye darubini nyingine na machujio mengine, mahali pengine, watazame. Nao wakauona. Ndipo mwezi Januari 2023 wakatangaza pamoja na wanafalaki wa vyuo, wakitaja zana na majina ya waliohakikisha.

Ni nini upinde huo, wanachuoni wamehitilafiana. Waliougundua walifikiri huenda uko huko mbali, karibu na kundi la Andromeda. Baadaye wengine wametoa hoja kuwa ni gesi iliyo jirani, ndani ya kundi letu wenyewe, iliyosadifu tu kuwa mbele yake. Ikiwa ni hivyo, basi al-Sufi alipolitazama doa lake dogo miaka elfu na zaidi iliyopita, alikuwa akilitazama kupitia ukingoni mwa wingu jingine lililo karibu zaidi, ambalo jicho halikuweza kuliona.