Malori ya Waya ya Umatengo

Kiangazi kikifika Mbinga, kwenye nchi ya Umatengo, kuanzia Matiri hadi Maguu, vitu viwili hujaa kwa wakati mmoja: mabua mashambani na magari barabarani. Mahindi yameshavunwa, kahawa inachumwa, na malori yanapanda milima kuifuata. Mtoto aliyekaa kwenye ukingo wa barabara huliangalia lori mpaka limepotea konani, akigeuka nyuma anayakuta mabua. Kazi inaanza.

Gari la bua halihitaji gundi wala msumari. Ganda la bua humenywa kwa meno likawa vijiti vyembamba vyenye ncha, na kiini chake cheupe, chepesi kama sponji, hukatwa vipande. Vijiti huchomekwa kwenye kiini, kipande kwa kipande, mpaka kichwa cha lori kimesimama na tela limeungwa nyuma. Tairi ni kiini kilekile kilichokatwa duara. Udhaifu wa gari hili ni mmoja tu, lakini ni mkubwa: linalika. La kwanza nililowahi kumiliki lilimalizwa na mbuzi usiku mmoja, pamoja na tairi la akiba.

Ndiyo maana kila fundi wa mabua alitamani kupanda cheo afikie waya. Waya ulikuwa mali. Ulitoka kwenye seng'enge zilizochakaa, kwenye ndoo zilizotoboka, kwenye tairi zilizochomwa moto zikaacha nyuzi zake za chuma. Na kwa kuwa Mbinga ni nchi ya kahawa, ulitoka pia kwenye vichanja vya kuanikia, ambavyo hutandikwa wavu wa waya ili buni zikauke juu na chini. Baba akikuta wavu umepungua pembeni hakuhitaji kufanya upelelezi. Alisubiri jioni, asikie mlio wa gari likiingia uani.

Waya hunyooshwa kwa kugongwa jiwe juu ya jiwe. Chasisi hutangulia: waya mbili ndefu sambamba, na nyingine zikipita katikati kama mbavu. Viungo hufungwa kwa ukanda mwembamba uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli, ukavutwa kwa meno mpaka ukalia. Juu yake huja bodi, bampa, keria, madigadi na vioo vya pembeni. Tairi hukatwa kwenye ndala zilizokatika, au huwa vizibo vya soda, au vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu. Kopo la Africafe, kahawa iliyosindikwa Bukoba, lilikuwa tangi zuri la mafuta.

Kinachoyatenga magari haya na vigari vya dukani ni usukani. Waya mrefu, au ufito, hutoka kwenye ekseli ya mbele, ukapanda hadi kifuani kwa dereva, ukaishia na duara la kushika. Dereva hukimbia amesimama wima, analiendesha gari mbele yake, akikata kona kwelikweli huku mdomo ukipiga gia. Kwa macho yangu, huo ndio uvumbuzi mkubwa wa mchezo wote. Gari la dukani mtoto analisukuma akiwa amepiga magoti. Hili analiendesha kama mtu mwenye safari.

Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, wanaliita galimoto, na neno hilohilo ndilo la gari halisi. Sikio la Mswahili husikia humo gari na moto. Mwaka 1990 mwandishi wa Kimarekani Karen Lynn Williams alitoa kitabu cha watoto chenye jina hilo, kinachomfuata mvulana wa Malawi akitafuta waya kijijini kwao. Kimesomwa madarasani mbali sana na ziwa. Upande wetu wa maji tuna magari yaleyale, ila kitabu ndicho kilichokosekana.

Magari halisi yenyewe yalikuja kwa kuchelewa. Tarehe 10 Agosti 1907 Mjerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam na gari la Gaggenau lililojengwa makusudi kwa safari hiyo, likiwa limeinuliwa juu ya magurudumu makubwa lisikwame mabondeni. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, mwezi Mei 1909. Kwa hiyo mojawapo ya magari ya mwanzo kukata nchi hii lilikuwa gari la kuundwa kivyake, kwa sababu gari la kawaida lisingefika. Madereva wa milimani waliokuja baadaye wangemwelewa bila mkalimani.

Kwa miaka mingi gari la Umatengo lilikuwa Land Rover. Barabara za udongo mwekundu, zenye miteremko inayopita juu ya mashamba ya ngolo, yale ya mashimo, zilitaka gari fupi lenye nguvu kwenye magurudumu yote. Watu walipanda ndani, nyuma, juu ya keria, na utingo akaning'inia mlangoni. Tazama basi Land Rover ya waya: mtoto hakuweka kiti hata kimoja, lakini keria aliijenga imara kuliko chasisi. Alijua abiria wanakaa wapi.

Miaka ya uhaba, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, tairi, betri na mafuta viliadimika nchi nzima. Lori likiharibika lilifungwa kwa kamba za mpira, springi iliyokatika ikaungwa kwa chuma cha lori jingine, kichwa cha gari moja kikakaa kwenye mwili wa gari lingine. Kibaha kulikuwa na TAMCO, kiwanda kilichounganisha malori ya Scania, na hapohapo Kibaha jeshi likaanzisha Nyumbu, shirika lililounda lori la Kitanzania lenye jina hilo. Lakini fundi wa gereji ya wilayani hakungoja Kibaha. Mwanawe wa kiume, pembeni, alikuwa akifanya kazi ileile kwa vipimo vidogo.

Kazi hiyohiyo, Marekani iliipa jina. Katika miaka ya 1930 vijana wa Kusini mwa California walinunua Ford kuukuu kwa bei ya chini, hasa zile zilizotoka mwaka 1932 na injini ya V8. Waling'oa madigadi na bampa, wakapunguza kimo cha paa, wakachokonoa injini, kisha wakaenda kushindana kwenye sakafu za maziwa yaliyokauka kama Muroc. Magari hayo waliyaita hotirodi. Januari 1948 Robert Petersen akaanzisha gazeti lake la Hot Rod, na biashara ya vigari vya kuigiza hotirodi ikafuata. Kampuni ya AMT ya Michigan mwaka 1958 ilitoa boksi la vipande vya plastiki ambavyo mtoto angeweza kuviunga kwa njia tatu: gari kama lilivyotoka kiwandani, gari lililochongwa upya, au gari la mashindano. Kipimo kilikuwa 1 kwa 25, maana yake gari la mita 4 linakuwa la sentimita 16, na kila kitu humo ndani, hadi kishikio cha mlango, kinapungua kwa kiasi hichohicho.

Hapo ndipo fundi wa Matiri na mwenzake wa Michigan wanapoachana. Gari la waya halina kipimo kimoja. Kichwa cha lori ni kikubwa kuliko tela kwa sababu ndicho kinachotisha. Bomba la moshi ni refu kupita kiasi. Taa ni pana kama sahani. Usukani ni mkubwa kuliko gari zima kwa sababu lazima umfae binadamu anayeushika. Yule wa Michigan anapunguza gari. Huyu wetu analikumbuka, na kumbukumbu haigawanyi kwa 25. Nikilazimishwa kuchagua, namchagua huyu wetu, ingawa nakiri kwamba taa za plastiki hung'aa vizuri zaidi.

Mchezo una jamaa wengine. Milimani wavulana huchonga vigari vya miti vyenye magurudumu ya mbao, wakapaka oili chafu kwenye ekseli, wakashuka navyo mlima, breki ikiwa kisigino. Goma, mashariki mwa Kongo, kigari cha miti kimekua kikawa chukudu, chombo cha kubebea magunia na mkaa, na mji umekijengea sanamu. Ukishuka Mbamba Bay au Liuli, mafundi wadogo wa ufukweni huacha malori na kuunda mitumbwi na meli, maana walizoziona wao zikileta wageni na mizigo zilikuwa meli za MV Songea na MV Iringa. Kila mtoto huunda kile kilichopita mbele ya nyumba yao.

Kwa hiyo atakayeyapanga magari haya kwa miaka atakuwa ameipanga historia ya barabara. Ataanza na Land Rover yenye keria. Zitafuata fuso, na mabasi yaliyoandikwa ubavuni jina la kampuni ya Songea kwa makaa. Baada ya makaa ya mawe ya Ngaka kuanza kuchimbwa mwaka 2011, yatatokea malori marefu yenye ekseli nyingi, na mtoto anayeyaiga atahitaji ndala mbili nzima kwa tairi tu. Lami ikafika Mbinga, kisha ikateremka kilomita 66 hadi Mbamba Bay. Sasa pikipiki ya waya ina abiria wawili na gunia.

Lami hiyohiyo imeleta vigari vya plastiki, vinavyouzwa mnadani kwa bei ya soda mbili tatu. Waya nao umepata bei: mnunuzi wa vyuma chakavu hupita na mizani, na mtoto mwenye akili anapima kama auze au aunde. Baiskeli nazo zimeipisha bodaboda, na tyubu za kufungia viungo hazipatikani kirahisi. Bua peke yake ndilo halijapanda bei.

Songea ina Makumbusho ya Majimaji, yanayotunza mikuki, ngao na kumbukumbu za vita. Ombi langu kwa wenye makumbusho ni rafu moja ya malori: la bua, la waya, la mbao, kila moja na jina la kijiji na mwaka lilipoundwa. Nawe msomaji wa Mbinga au Nyasa, ukiona lori la waya limetundikwa kwenye dari ya jiko la bibi, usilipeleke kwenye mizani. Lipige picha, muulize aliyeliunda ni gari gani aliloliona siku ile, uandike jibu lake.